Mkataba wa Neno na Mkataba wa Karatasi: Historia ya Lugha ya Maafikiano ya Ardhi katika Nchi ya Embu na Meru

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala hii ni kuchunguza historia ya mkataba katika nchi ya Embu na Meru, na hasa historia ya maneno ambayo kwayo mkataba huo umekuwa ukifanywa, ukiandikwa na kuhukumiwa. Mahali petu pa kutazamia ni Kanja, soko la Embu lililo kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katika nchi ya kahawa na chai ambamo kipande kidogo cha shamba ndicho mali kuu ya nyumba nyingi. Hatukupachagua kwa kuwa pana mambo ya ajabu. Tumepachagua kwa sababu yaliyopata watu wa hapa yamewapata wakulima wengi wa Kenya, na kwa sababu hapa hatua zote za historia hiyo zinaweza kufuatwa katika muda wa miaka mia moja na ishirini tu.

Sheria ya mikataba hufundishwa katika vyuo vikuu vyetu kama somo lililokwisha kukamilika huko Uingereza kabla ya kutufikia. Mwanafunzi hujifunza kesi za wafanyabiashara wa London na wenye meli wa Liverpool, kisha akifika katika Chuo cha Sheria cha Kenya ili apate kuwa wakili, husoma uhawilishaji wa ardhi, uandishi wa hati na miamala ya kibiashara. Masomo hayo ya juu yana shabaha ya vitendo: mwanafunzi afunzwe kutayarisha hati itakayotimiza haja ya mteja wake. Lakini hati anayofunzwa kuitayarisha ni ya Kiingereza. Masharti ya Uuzaji ya Chama cha Mawakili wa Kenya, yale ya 1989 na yale yaliyoyafuata mwaka 2015, ni ya Kiingereza. Kwa upande wa pili, karatasi ambayo mkulima wa Kanja ameihifadhi sandukuni, iliyokunjwa mara nne na kuwekwa pamoja na risiti za kahawa, aghalabu imeandikwa kwa Kiswahili.

Hoja yetu ni hii. Migogoro mingi ya mashamba inayodhaniwa kuwa imetokana na hila za muuzaji au ujinga wa mnunuzi ina chanzo kingine pia, nacho ni lugha. Mapatano yalifanywa kwa Kiembu au Kimeru, yakaandikwa kwa Kiswahili, yakahukumiwa kwa Kiingereza. Na katika kila kivuko maana fulani iliachwa nyuma. Jambo hili linawahusu wanasheria, lakini linatuhusu na sisi wa lugha, kwa maana kile kivuko cha katikati ni chetu.

2. Mapatano kabla ya maandishi

Waingereza waliijenga boma ya Embu mwaka 1906 na ile ya Meru mwaka 1908. Kabla ya hapo watu wa nchi hizi walikuwa wakifanya mapatano ya kila namna bila ya hati: kukopeshana mifugo, kumwachia mwingine ng'ombe amtunzie kwa sharti la kugawana ndama, kulipa mahari kidogo kidogo kwa miaka mingi, na kumpa mtu haki ya kulima ardhi ya ukoo. Itakuwa kosa kusema kwamba mapatano haya yalikuwa ahadi tupu kwa kuwa hayakuandikwa. Yalikuwa na vitu vilivyoyafunga, navyo vilijulikana na wote. Kwanza ni mnyama aliyetolewa mbele ya macho ya watu. Pili ni mashahidi, ambao hawakuwa wapita njia bali wazee waliotarajiwa kukumbuka na kuwarithisha watoto wao kumbukumbu hiyo. Tatu ni pombe iliyonywewa pamoja. Nne, ikiwa shaka ilizuka, ni kiapo. Huko Meru kiapo cha beberu, kuringa nthenge, kiliogopwa kuliko faini yoyote, na hata katika miaka yetu hii kimetajwa mbele ya mahakama katika kesi za mashamba.

Hapa inafaa kumkumbuka H. E. Lambert, ambaye wasomaji wa majarida ya Kiswahili wanamfahamu kwa uchunguzi wake wa lahaja za kusini mwa pwani ya Kenya, Kivumba, Chijomvu na Chichifundi, uliochapishwa mwaka 1957 na 1958. Kabla ya kazi hiyo, Lambert alikuwa ofisa wa utawala, na katika miaka ya 1930 alikuwa Mkuu wa Wilaya ya Meru. Huko ndiko alikolitambua baraza la wazee la Njuri Ncheke na kulitumia katika utawala, na baadaye akaandika juu ya desturi za ardhi za watu wanaouzunguka Mlima Kenya. Basi mtu yule yule alisikiliza jinsi wazee wa bara walivyofungana kwa neno, na baadaye akasikiliza jinsi watu wa Vumba walivyotamka maneno yao. Ni ajabu kwamba sisi tuliokuja baada yake tumezigawa kazi hizo mbili kana kwamba hazihusiani.

Jambo kuu katika desturi ya ardhi ya Embu na Mbeere, kama ilivyokuwa kwa Wakikuyu, ni kwamba ardhi ikitolewa kwa mifugo haikuwa imekwenda moja kwa moja. Mtoaji au wanawe waliweza kuikomboa kwa kurudisha mifugo ile. Mpokeaji alilima, alivuna, alijenga. Lakini mlango wa kurudi haukufungwa. Jack Glazier, mwanaanthropolojia aliyeishi Mbeere na kuchapisha kitabu chake mwaka 1985, alionyesha jinsi desturi hii ilivyogeuka kuwa chanzo cha kesi nyingi wakati serikali ilipotaka kila kipande kiwe na mwenyewe mmoja.

Desturi ya namna hii haikuwa ya bara peke yake. Huko Zanzibar na Pemba mwenye shamba la mikarafuu aliyehitaji fedha alimuuzia tajiri shamba lake kwa bei ya hiari, ile ambayo katika sheria ya Kiislamu yaitwa bay‘ al-khiyar, naye akawa na haki ya kulikomboa kwa kurudisha fedha. Kwa namna hiyo deni lilivaa kanzu ya uuzaji. Mashamba mengi yalielekea kupotea kwa njia hiyo hata serikali ya Unguja ikatoa amri ya kuzuia kuhamishwa kwa ardhi mwaka 1934. Tofauti kati ya pwani na bara ni moja na kubwa: pwani, haki ya kukomboa ilikuwa na jina ndani ya Kiswahili na ndani ya sheria, na kadhi aliweza kuiandika. Embu na Meru, haki hiyo ilikuwa na jina katika lugha za wenyeji tu. Kiswahili kilipofika na karani wake, hakikuja na neno la kuibeba.

3. Karatasi inaingia

Kiswahili kiliingia Embu na Meru pamoja na askari, makarani, wachuuzi na wafanyakazi waliorudi kutoka mashamba ya walowezi na miji. Tangu miaka ya 1920 palikuwa na mabaraza ya wenyeji, na Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1930 iliweka mahakama ambazo zilihukumu kwa mila lakini zikaandika maamuzi yake. Mwaka 1944 Arthur Phillips alifanya uchunguzi mkubwa wa mahakama hizo kwa niaba ya serikali. Basi mila, ambayo hapo awali ilikaa katika vichwa vya wazee, ilianza kukaa katika daftari la karani.

Wakati ule ule kahawa ilianza. Katika miaka ya 1930 Waafrika wa Embu, Meru na Kisii waliruhusiwa kuipanda chini ya uangalizi mkali, baada ya miaka mingi ya kukatazwa. Mti wa kahawa hukaa ardhini miaka mingi, na mtu aliyeupanda hapendi kusikia habari za kukombolewa kwa shamba. Fedha nazo ziliingia mahali pa mbuzi. Fedha hazizai, hazina rangi wala mabaka ya kukumbukwa, na shahidi hawezi kusema, "Ninaijua noti ile." Ndipo haja ya maandishi ilipozidi, na watu wakaanza kumwendea mwalimu wa shule, katibu wa chama cha ushirika au karani wa chifu awaandikie.

Tutazame sasa neno lenyewe. Mkataba hutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, ule ule uliotupa kitabu, katibu, maktaba na katiba. Kwa hiyo neno hili hubeba ndani yake dai kwamba mapatano ya kweli ni yale yaliyoandikwa. Mapatano, kwa upande wake, ni neno la Kibantu: shina ni pata, na kiambishi -an- huonyesha kwamba kila mmoja anapata kitu kutoka kwa mwenzake. Makubaliano hutokana na kabuli, yaani kupokea kile ambacho mwingine amekileta, na wanaofahamu ndoa ya Kiislamu wanaijua jozi ya ijabu na kabuli. Kandarasi, neno lililotokana na Kiingereza, limebaki zaidi katika kazi za ujenzi na barabara. Hata methali zetu zimegawanyika. Moja yasema ahadi ni deni. Nyingine yasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee wa Embu angeiafiki ya kwanza bila kusita. Ya pili ni ya mfanyabiashara wa pwani, na ndiyo iliyoshinda katika sheria.

Kuhusu sheria yenyewe, inafaa kukumbuka kwamba kwa muda mrefu Kenya haikufuata sheria ya mikataba ya Uingereza moja kwa moja. Kwa amri ya mwaka 1897 sheria kadhaa za Bara Hindi zilitumika katika Afrika Mashariki, na mojawapo ilikuwa Sheria ya Mikataba ya Bara Hindi ya 1872. Sheria hiyo ina fasili zilizopangwa vizuri, nayo inatenga mambo mawili: mapatano yoyote yenye ahadi na badali yake, na yale mapatano ambayo sheria itayatilia nguvu. Haya ya pili tu ndiyo huitwa mkataba. Tanganyika iliirithi mipango hiyo katika sheria yake ya 1961. Kenya iliiacha: Sheria ya Mikataba ya 1960, iliyoanza kutumika Januari 1961, ilielekeza mahakama katika kanuni za Uingereza. Hivyo majirani wawili wanaotumia Kiswahili kimoja wakaachana katika jambo hili mwaka mmoja. Mtungaji wa istilahi anayeketi Dar es Salaam ana fasili mbele yake za kutafsiri; yule wa Nairobi ana rundo la hukumu.

Kwa mkulima wa Kanja, pigo lililofuata lilikuja kimya kimya. Mwaka 1967 mahakama za Waafrika ziliunganishwa na mahakama za mahakimu. Sheria iliyoziunganisha ilitoa orodha ya madai yatakayohesabiwa kuwa ya kimila: ardhi inayomilikiwa kwa mila, ndoa na mahari, mimba ya msichana, hadhi ya wajane na watoto, urithi, na mengine machache. Mkataba haukutajwa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, iliyochukua nafasi yake, nayo ina orodha inayofanana, na humo pia mkataba haumo. Mila ya ndoa na urithi ilikusanywa na Eugene Cotran na kuchapishwa katika majuzuu mawili mwaka 1968 na 1969. Mila ya mapatano haikupata bahati hiyo. Ng'ombe aliyetunzwa kwa masharti ya wazee akawa suala la sheria ya Kiingereza.

4. Shamba linapata namba

Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliazimia kuunganisha vipande vya ardhi, kuvipima na kumpa kila mwenye shamba hati. Ulitekelezwa wakati wa Hali ya Hatari, ambapo watu wa Embu kama wenzao wa Ukikuyu walikuwa wamekusanywa katika vijiji na wengine walikuwa kizuizini. Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya 1963 ikatia muhuri: aliyeandikishwa ndiye mwenye ardhi, na uandikishaji wa kwanza haukuweza kusahihishwa hata kama ulipatikana kwa hila. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012. Lakini kwa karibu miaka hamsini ilifundisha somo moja, kwamba kilichoandikwa katika rejista kina nguvu kuliko kinachojulikana na kijiji kizima.

Mwaka 1967 ikaja sheria ambayo, kwa maoni yetu, imeyagusa maisha ya watu wa Kanja kuliko sheria nyingine yoyote ya mikataba. Nayo ni Sheria ya Udhibiti wa Ardhi. Kifungu chake cha 6 husema kwamba uuzaji, ukodishaji, uwekaji rehani au ugawaji wa ardhi ya kilimo katika eneo la udhibiti ni batili kwa kila hali isipokuwa bodi ya eneo hilo imetoa kibali. Maombi ya kibali sharti yafanywe katika miezi sita tangu mapatano yalipofanywa, ingawa mahakama inaweza kuongeza muda. Mapatano yakiwa batili, mnunuzi ana haki ya kurudishiwa fedha alizolipa kama deni. Na anayelipa fedha au kukaa katika shamba ili kuyatimiza mapatano batili anaweza kushtakiwa kwa jinai.

Kusudi la sheria hii halikuwa baya. Ilikusudiwa kumzuia baba asiuze shamba lote na kuiacha nyumba yake barabarani, na kuzuia mashamba yasikatwe vipande visivyolimika. Lakini tuone ilivyofanya kazi. Tumchukue mnunuzi wa kuwaziwa, ambaye mfano wake si mmoja. Mwaka 1975 amenunua robo tatu ya eka. Amelipa kwa awamu, kila awamu imeandikwa, wazee wamekula mbuzi, mpaka umeonyeshwa. Amepanda kahawa na kujenga. Muuzaji na yeye hawakwenda kwenye bodi, kwa kuwa kila mtu kijijini alijua kwamba shamba limeuzwa. Baada ya miaka ishirini muuzaji anafariki. Wanawe wanaleta hati yenye jina la baba yao na kusema: rudishiwa fedha zako. Fedha hizo, zilizokuwa bei ya shamba, sasa hazitoshi kununua mlango wa nyumba aliyoijenga humo. Na ikiwa mnunuzi ndiye aliyefariki, anayebaki kujibu ni mjane, ambaye jina lake halikuandikwa popote katika karatasi ile.

Tukiitazama kwa macho ya mila, wanawe wale wanatumia ile haki ya kale ya kukomboa, ila bila ya adabu zake. Hapo zamani mkombozi aliyarudisha mifugo pamoja na heshima ya maongezi marefu, na wazee waliangalia mpokeaji amepanda nini na amejenga nini. Sheria ya 1967 iliufungua tena mlango wa kurudi, lakini haikuwarudisha wazee wa kuulinda.

5. "Nimeuza" na "nitauza"

Sasa tuifungue karatasi yenyewe. Wanaozifahamu hati za namna hii wanajua umbo lake. Huanza kwa tarehe na mahali. Hufuata "Mimi fulani mwana wa fulani", pamoja na namba ya kitambulisho. Kisha: "nimemuuzia fulani shamba langu, sehemu ya nusu eka, kwa bei ya shilingi kadha. Leo amenipa shilingi kadha na zimebaki shilingi kadha." Mwishoni ni majina ya mashahidi, sahihi na alama za kidole gumba.

Kitenzi kikuu cha hati hii ni nimemuuzia. Kiambishi -me- huonyesha tendo lililokwisha kutimia, ambalo matokeo yake yapo sasa. Mwandishi wa karatasi hakukosea lugha. Aliandika kile alichokiona: mnyama amechinjwa, fedha zimepokewa, mpaka umeonyeshwa, jambo limekwisha. Lakini katika sheria ya ardhi, siku ile hakuna kilichouzwa. Kilichokuwepo ni ahadi ya kuuza, yenye kutegemea kibali cha bodi na uandikishaji katika rejista. Kwa lugha ya sheria, kitenzi sahihi kingekuwa nitamuuzia. Kati ya -me- na -ta- ndipo mashamba mengi yalipopotea.

Wala tofauti hii si ya sarufi tupu. Anayeamini kwamba ameshauza haoni sababu ya kwenda kwenye bodi. Anayeamini kwamba ameshanunua haoni sababu ya kuzuia fedha zake mpaka kibali kitoke. Wakili wa mjini hufunzwa kwamba mnunuzi hulipa sehemu moja ya kumi na kuingoja siku ya kukamilisha. Mnunuzi wa Kanja hulipa karibu zote, huingia shambani, kisha ndipo aulize habari za hati. Pwani tuna neno arbuni, yaani fedha ya kufungia maafikiano kabla ya mali kutolewa, lenye kumkumbusha kila anayelitamka kwamba shughuli haijaisha. Katika karatasi za bara, mahali pa arbuni pamechukuliwa na malipo ya kwanza, maneno ambayo yanahesabu tu wala hayaonyi.

6. Sharti, batili, kubali

Maneno mengine matatu yanahitaji kuangaliwa. La kwanza ni sharti. Katika Kiswahili cha kila siku sharti ni lazima: sharti uje. Katika mikataba neno hilo hilo linatakiwa kubeba maana zaidi ya moja: kipengele chochote cha mkataba, kipengele kikuu ambacho kikivunjwa mwenzako ana haki ya kujitoa, na jambo ambalo lazima litukie kwanza ndipo mkataba uwe na nguvu. Kibali cha bodi ni sharti la aina hii ya tatu. Karatasi ikisema tu "kwa masharti yafuatayo", msomaji hawezi kujua ni lipi kati ya hayo linalousimamisha mkataba wote. Tunapendekeza kwamba sharti la aina ya tatu liitwe sharti tangulizi, na kipengele cha kawaida kiitwe kipengele.

La pili ni batili. Sheria hutenga mkataba ambao haukuwa na nguvu tangu mwanzo na mkataba wenye nguvu ambao upande mmoja unaweza kuuvunja, kwa mfano kwa kuwa ulidanganywa. Watafsiri wengi huuita wa kwanza batili na wa pili unaobatilika. Lakini kauli ya kutendeka katika Kiswahili ina nyuso mbili. Kikombe kinachovunjika ni kile kinachoweza kuvunjwa, na pia ni kile ambacho sasa hivi kinajivunja. Kwa hiyo mkulima akiambiwa mkataba wake unabatilika, anaweza kuelewa kwamba unajifuta wenyewe, naye akakata tamaa ya haki aliyokuwa nayo. Ni salama zaidi kusema mkataba unaoweza kubatilishwa na fulani, na kumtaja huyo fulani ni nani.

La tatu ni kubali. Tangu mwaka 1964, ilipoundwa Halmashauri ya Maendeleo ya Chai, ambayo mwaka 2000 iligeuzwa kuwa kampuni, wakulima wadogo wa Embu wameuza majani mabichi kwa viwanda kama Mungania, Kathangariri na Rukuriri. Mkulima wa chai hapatani bei na kiwanda asubuhi anapopeleka kikapu chake. Masharti yako tayari. Yeye huyaingia au hukaa nje. Hayo ni makubaliano, lakini si mapatano. Wanasheria wamehitaji vitabu vizima kueleza tofauti kati ya mkataba uliojadiliwa na mkataba ulioandikwa na upande mmoja. Kiswahili kinayo tofauti hiyo tayari ndani ya viambishi vyake, na mwalimu angeweza kuianza mada hiyo darasani kwa maneno hayo mawili tu.

7. Mahakama na usawa

Sheria nayo haikusimama. Mwaka 1968 Sheria ya Mikataba ilirekebishwa ili mapatano ya ardhi yahitaji maandishi, lakini mnunuzi aliyeingia shambani kwa kutimiza mapatano hakunyimwa nafasi ya kushtaki kwa kukosa maandishi tu. Tangu Juni 2003 mambo yakawa makali zaidi: mkataba wa ardhi sharti uandikwe, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na shahidi aliyekuwapo. Wazee wa zamani wangetabasamu kusikia kwamba shahidi amerudi, ingawa sasa anashuhudia kalamu wala si mbuzi.

Kuhusu kibali cha bodi, Mahakama ya Rufaa ilitoa maamuzi yaliyopingana katika mwaka mmoja wa 2014. Benchi moja ilishikilia kwamba muuzaji aliyepokea fedha na kumwingiza mnunuzi shambani anaishika ardhi hiyo kwa amana ya mnunuzi, hata kama kibali hakikuombwa. Nyingine ilishikilia kwamba kilicho batili kwa amri ya bunge hakiwezi kufufuliwa na huruma ya mahakama. Mwaka 2018 mahakama hiyo ilielekea upande wa kwanza, ikitegemea Katiba ya 2010 ambayo inaitaja haki ya usawa miongoni mwa maadili ya taifa. Hukumu hiyo imewaokoa wengi. Hata hivyo, anayeokolewa na usawa ni yule aliyeweza kulipa safari ndefu ya mahakama. Mkataba mwema ni ule usiohitaji kuokolewa.

Kuhusu lugha, Sheria ya Mwenendo wa Madai hukiruhusu Kiswahili katika mahakama za chini, na Mahakama Kuu pamoja na Mahakama ya Rufaa zimewekewa Kiingereza. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Tanzania imekwenda mbali zaidi, kwa kuwa mwaka 2021 bunge lake lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya istilahi huko ilianza mapema: A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, alitoa orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili mwaka 1968. Kitivo cha Sheria cha Nairobi kilianza mwaka 1970, na tangu hapo kimetoa wanasheria hodari wa Kiingereza.

8. Hitimisho

Katika makala hii tumejaribu kuonyesha kwamba mkataba wa Kanja una historia ndefu kuliko sheria iliyoutawala, na kwamba katika kila hatua lugha iliamua nani atapata na nani atapoteza. Tunatoa mapendekezo matatu.

Kwanza, wanaofundisha sheria ya mikataba katika ngazi ya juu wawape wanafunzi karatasi za Kiswahili za vijijini, zilizofichwa majina ya wenyewe, wazisome kama wanavyozisoma hati za mabenki. Mwanafunzi aulizwe: mwandishi alikusudia nini, sheria inasema nini, na ungeibadilisha vipi sentensi hii?

Pili, idara za lugha zikusanye maneno ya mapatano ya Kiembu, Kimbeere na Kimeru, hasa yale ya kukomboa, ya kutunziana mifugo na ya ushahidi, maadamu wapo wazee wanaoyajua. Kiswahili kimekopa kutoka Arabuni, Bara Hindi na Uingereza. Si aibu kukopa kutoka Embu.

Tatu, sisi pamoja na wanasheria tutunge kielelezo cha mkataba wa shamba ambacho mwalimu wa shule au katibu wa ushirika anaweza kukinakili. Kiini chake kingeweza kuwa hivi:

"Sisi wawili tumepatana kwamba fulani atamuuzia fulani shamba lililotajwa hapa, ikiwa Bodi ya Udhibiti wa Ardhi itatoa kibali. Tutapeleka maombi ya kibali kabla ya miezi sita kwisha tangu leo. Leo mnunuzi ametoa arbuni ya shilingi kadha. Hatalipa zaidi wala hataingia shambani kabla ya kibali kutoka. Bodi ikikataa, muuzaji atarudisha arbuni yote. Wake au waume wetu wameelezwa maneno haya kwa lugha wanayoifahamu, nao wametia sahihi mbele ya mashahidi."

Kielelezo hiki hakina ufundi wa ajabu, na wanasheria watapata la kukisahihisha. Kina -ta- mahali pake, kina sharti tangulizi katika sentensi ya kwanza, na kinamtaja mke ambaye karatasi za zamani zilimsahau. Kama kingekuwapo katika duka la vitabu la Kanja mwaka 1968, bei yake ingekuwa senti chache, na wajane kadhaa wangekuwa bado wanachuma kahawa waliyoipanda.